Anayebashiri siye anayeharibu uhondo

Tangu Machi 2025, ilipotoka episodi ya mwisho ya msimu wa pili wa tamthilia ya Kimarekani ya Severance, watazamaji wake hapa Mbeya wamegawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba yule msichana aliyetokea mwisho wa korido, ambaye Mark alimfuata na kumwacha Gemma akilia nyuma ya kioo cha mlango, hakuwa Helly. Alikuwa Helena, binti wa mwenye kampuni ya Lumon. Na wapo waliochoshwa na habari hizo. Hao wanasema nadharia zimekuwa nyingi kuliko tamthilia yenyewe, na kwamba mtu hawezi tena kula chipsi zake pale Kabwe bila jirani kumwanzishia mambo ya mbuzi wanaofugwa ndani ya Lumon.

Kwa ambaye hajaiona: wafanyakazi wa Lumon hufanyiwa upasuaji wa ubongo, wakiwa kazini hawajui chochote cha nyumbani, na nyumbani hawajui cha kazini. Mwili mmoja, watu wawili. Helly ni wa ndani, Helena ni wa nje. Mark ni mfanyakazi mwenzake Helly, na Gemma ni mke wa Mark huko nje.

Waliochoka wana hoja moja nzito, na uzito wake unatokana na namna tunavyoishi huku. Nyanda za juu hatuangalii kwa wakati mmoja. Mwenye bando anaona Ijumaa. Mwanafunzi wa Iyunga anasubiri rafiki apakue, kisha amwekee kwenye flashi. Mwenye duka la kuingiza muvi Mwanjelwa mara nyingi anangoja msimu ukamilike ndipo auze wote kwa pamoja, na ukifika Tukuyu au Makambako zimepita wiki kadhaa. Katika wiki hizo wenzake wameshasema kila kitu. Huyu aliyesubiri ana haki ya kuikuta hadithi mbichi, na anayemnyang'anya haki hiyo anamkosea kweli.

Ila aliyemkosea ni nani? Ni yule aliyekwisha kuona akamwaga ubuyu. Anayebashiri hana ubuyu wa kumwaga. Hajui mwisho. Alichonacho ni kilekile alichonacho kila mtu: nyuso, maneno, milango inayofunguka na isiyofunguka. Sisi tuliokua na vitendawili tunapaswa kulielewa hili haraka. Aliyetega hatoi jibu mpaka waliotegewa wajaribu, washindwe, wampe mji. Jibu likitolewa kabla ya jaribio, mchezo haupo. Anayeomba watu wanyamaze mpaka mtunzi aseme mwenyewe anataka jibu bila kutoa mji.

Chukua mfano wa Helly huyohuyo. Msimu wa pili ulipoanza tarehe 17 Januari 2025, aliulizwa na wenzake aliona nini alipoamkia nje ya kazi, mwishoni mwa msimu wa kwanza. Akajibu kwamba alimwona mtunza bustani, usiku. Jibu la ajabu, na Irving, mwenzao kazini, alilistukia palepale. Watazamaji nao wakaanza kumchunguza: anavyopapasa kutafuta swichi ya kuwasha kompyuta ambayo Helly ameishaitumia mara nyingi, anavyotazama wenzake. Wakasema, huyu ni Helena, ametumwa. Episodi ya nne, mwezi Februari, ikathibitisha.

Je, waliokuwa wamebashiri walipoteza uhondo? Nimewatazama vijana Kihesa, Iringa, wakiirudia episodi ile ya kwanza baada ya ukweli kujulikana. Waliisimamisha kompyuta kwenye uso wa Irving aliposikia habari ya mtunza bustani, wakarudisha nyuma, wakaisimamisha tena. Mmoja alikuwa ameikosa kabisa sentensi ile mara ya kwanza. Hilo hutokea sana kwetu: ukifuata maandishi ya chini unaikosa sura, ukifuata sura unayakosa maandishi, na Kiingereza cha Lumon hakimsubiri mtu. Nadharia ya mwenzake ndiyo iliyomrudishia sentensi aliyopitwa nayo.

Halafu angalia mtunzi mwenyewe alimpa nani ushindi katika episodi ile ya nne. Alimpa Irving, mtu aliyekusanya vidokezo: uongo wa bustani, na ukatili wa maneno ambao Helly hakuwahi kuwa nao. Mbashiri ndiye shujaa wa kipande kile: alikisia sawasawa, ingawa anafukuzwa kazi kwa kumzamisha Helena majini ili ukweli utoke. Tamthilia inayomheshimu mtu wa namna hiyo kiasi hicho haikutengenezwa ili itazamwe kimyakimya.

Ninalolifikiria zaidi ni ule muda wa kusubiri. Msimu wa kwanza uliisha Aprili 8, 2022. Wa pili ulianza Januari 2025. Karibu miaka mitatu, katikati ukiwemo mgomo wa waandishi na waigizaji wa Marekani wa mwaka 2023. Msimu ule wa kwanza una episodi tisa tu. Episodi tisa, miaka karibu mitatu! Tamthilia ngapi zingebaki midomoni mwa watu muda huo wote, tena mahali ambapo hakuna hata tangazo lake barabarani? Hii ilibaki kwa sababu watu walikuwa bado wanagombana juu ya zile namba ambazo Mark na wenzake wanazipanga kwenye visanduku. Ni za nini? Kila mtu alikuwa na lake. Jibu lilikuja kwenye episodi ya mwisho ya msimu wa pili, Cobel, bosi wake wa zamani, alipomwambia Mark kwamba namba zile ni Gemma, na kila faili analolikamilisha linamtengenezea Gemma nafsi nyingine mpya. Aliyekuwa amekisia vibaya miaka yote ile alishtuka kuliko asiyewahi kujiuliza, maana yeye alikuwa na kitu cha kuvunjwa.

Wataalamu nao hawajakubaliana. Mwaka 2011 Leavitt na Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti uliotumia hadithi fupi 12, wakakuta walioambiwa mwisho mapema walizifurahia zaidi. Johnson na Rosenbaum, mwaka 2015, wakapata kinyume: kujua mwisho kulipunguza raha. Lakini tafiti zote mbili zinahusu aliyeambiwa. Aliyekisia mwenyewe si mtu huyo.

Madhara ya kweli ya ubashiri yako kwingine, na hapa nawapa waliochoka haki yao. Mtunzi akiwaogopa mashabiki anaharibu kazi. Jonathan Nolan, mmoja wa watunzi wa tamthilia ya Westworld, alisema wazi, walipokuwa wakiandaa msimu wa pili, kwamba mashabiki walikwisha kugundua fumbo moja na hivyo wanalibadilisha. Ukibadilisha jibu baada ya kutega, vidokezo ulivyoviweka vinakuwa uongo. Kosa hilo ni la aliyetega, ingawa shinikizo lilitoka kwa waliotegewa.

Kuhusu korido ile ya mwisho, sioni kama ni Helena. Wanaosema ni yeye wanategemea ule uso, namna alivyomtazama Gemma, na nakiri uso ule unasumbua. Lakini kumbuka masharti. Ndani ya ghorofa ile mwenye kuamka ni Helly. Ili Helena awepo, lazima mtu aweke kile kizuizi wanachokiita Glasgow, kinachomzuia Helly asiamke, kama walivyofanya mwanzoni mwa msimu, na ambacho msimamizi wao Milchick aliagiza kiondolewe pale majini. Dakika chache kabla ya korido, Helly alikuwa amesimama juu ya meza akiwahamasisha watu wa bendi ya kampuni, na Milchick alikuwa akihangaika kutoka chooni, ambako Helly na mwenzao Dylan walimzuia kwa mashine ya vitafunwa. Mwenye kushikilia nadharia ya Helena anionyeshe kwanza ni nani aliyekiweka kizuizi hicho, na saa ngapi.