Bibi Kazipeleka Posta Postikadi Zangu za Zamani

Sisi tunaouza postikadi za zamani tuna wateja wa ajabu ila huyu wangu mmoja ndo kiboko yao, maana jamaa anakusanya vitu ambavyo havipo. Sio utani. Anataka madaraja yaliyokwisha bomoka, hoteli zilizoungua, na kwa miaka kanisumbua nimtafutie kadi ya Venice, Italia, uwanja wa San Marco, ukiwa HAUNA ule mnara mrefu. Mnara wenyewe ulianguka asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902, ukashuka wote kifusi, hakufa mtu, wanasema aliyekwenda ni paka wa mlinzi peke yake, halafu wakaujenga upya vilevile na kuuzindua 25 Aprili 1912. Kwa hiyo San Marco isiyo na mnara inajitaja umri yenyewe. Shida ni kwamba wachapishaji walikuwa na stoku ya picha za zamani, wakawa wanaendelea kuuza mnara uliosimama wakati pale pana kifusi tupu, na wengine wakatengeneza kadi zinazoonyesha mnara ukiwa ndo unadondoka, za kubumba, picha imechezewa mezani mwa fundi. Ukiweka lenzi unacheka.

Sasa siku moja kwenye boksi la mchanganyiko, yale unayonunua bila kufungua, katikati ya mandhari za Uswisi nikaiona. San Marco, mbingu wazi, mnara hakuna. Mhuri 1904, stempu ya Italia, imetumwa kwa mtu mjini Bath, Uingereza. Na maandishi yapo upande wa picha, kwa sababu enzi hizo kadi ya kwenda nje ya nchi nyuma unaandika anwani tu, maneno yako utajua mwenyewe pa kuyabana. Uingereza waliruhusu kugawa mgongo wa kadi mara mbili, nusu maneno nusu anwani, 1902, lakini za kimataifa zilingoja mpaka posta za dunia zikubaliane 1906, na Marekani 1907. Ndo maana kadi za zamani utakuta mtu kaandika ziwani, kaandika mlimani, kaandika mpaka mbinguni. Huyu wa Venice alikuwa kaandika palepale mnara ulipotakiwa kuwa. Mteja wangu nilipomwambia alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata.

Basi nikazitoa kadi zangu zote kwenye vile vimfuko vyake vya plastiki nizipige picha mbele na nyuma, maana mkusanyaji wa kweli nyuma anapaangalia kuliko mbele. Vimfuko navyo usinunue ilimradi vimfuko, zile plastiki laini za PVC zinatoa mafuta polepole na kadi inaharibika humohumo ndani unadhani umeitunza. Na bei unaiandika kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, PENSELI, peni ya wino haikaribii postikadi ya watu hata kwa bahati mbaya. Kumbukeni hilo la peni. Nikamaliza, nikazipanga mezani thelathini na kitu, anwani zikiangalia juu, nikatoka kwenda kutafuta maboksi magumu ya kufungia.

Kurudi meza nyeupe.

Bibi yangu kakaa kwenye kiti chake ametulia tuli kama mtu aliyemaliza kazi.

"We mtoto, barua za watu zinakaa mezani kwako mpaka lini?"

"Barua gani bibi?"

"Zile za mapicha. Zina stempu, zina anwani, zimeandikwa, kilichobaki ni kuzitumbukiza tu na hicho nacho kinakushinda. Nimeshazipeleka."

"Umezipeleka WAPI?"

"Posta. Wewe barua huwa unazipeleka wapi, kisimani?"

Sikumalizia kusikiliza, nilishafika barabarani. Kwenye sanduku la barua nikachungulia ule mwanya, giza, nikaingiza vidole, vikaingia viwili tu vikakwama, na hapo ndo akapita mtu na mtoto wake, mtoto akauliza "huyu anafanya nini?" na baba yake akamvuta mkono wakavuka upande wa pili. Sanduku lenyewe lilikuwa limeshatolewa barua. Nikakimbia ofisini kwao.

Nilipofika nilijua nimewahi na nimechelewa papo hapo, kwa sababu kadi zangu zilikuwa kaunta, zimetandazwa, na wafanyakazi wamezizunguka. Nyuma yao kijana mmoja mchapakazi kashika mhuri wenye herufi T, ambayo kwa posta za dunia ni alama kwamba malipo hayatoshi, na alikuwa keshazigonga kama sita hivi. Kwa nguvu. Kijana ana mkono.

"Hizi ni zangu," nikasema huku nahema.

Dada wa kaunta akaniangalia. "Umezituma wewe?"

"Hapana."

"Basi sio zako." Akachukua moja, Interlaken, milima na theluji. "Hii aliyeituma kasaini M. Wewe ndo M?"

"Dada yangu, M alikuwa likizo Uswisi mwaka 1907."

"Basi aje M mwenyewe na kitambulisho."

Nikajaribu kueleza, yaani naeleza huku namuangalia yule kijana wa mhuri asije akanyanyua mkono. Dada akachukua nyingine, akaandika kwenye kompyuta yake, akafuta, akaandika tena. Konstantinopel haipo, mashine inakataa. Nikamwambia hiyo ni Istanbul, Uturuki kuanzia 1930 walitaka barua ziandikwe Istanbul tu. Akasema sawa lakini mtumaji alitakiwa aandike sahihi. Akaja kwenye stempu ya mzee kipara mwenye sharubu zilizoungana na ndevu za mashavuni.

"Huyu rais wa wapi?"

"Sio rais, ni Kaizari Franz Joseph wa Austria-Hungaria."

"Na posta yao ndo inayolipia hii?"

"Alifariki 1916. Nchi nayo ikavunjika 1918." Nikaona uso wake haubadiliki nikaongezea, "Lakini ndo nchi ya kwanza duniani kutoa postikadi rasmi, tarehe 1 Oktoba 1869." Nilidhani itasaidia. Akamuita msimamizi.

Msimamizi alikuja na miwani, akaipokea hali kwa uzito. Akakagua mgongo wa kadi ya kwanza, wa pili, wa tatu, akavua miwani. "Unajua kutumia stempu iliyokwisha gongwa mhuri ni kosa?" Nikamwambia najua. "Hizi zote zimegongwa." Najua. "Zote. Za nchi kumi tofauti. Hii sio bahati mbaya, huu ni mtandao." Sasa we fikiria mtu unaelezaje kwamba mkuu wa mtandao ni bibi yako mwenye goti bovu.

Na mlango ukafunguka, huyo hapo bibi. Kaja pole pole na mwavuli wake, kapita foleni nzima, na watu wamempisha.

"Nani kazuia barua zangu?"

"Shikamoo bibi," msimamizi akasema. "Ni wewe uliyezituma?"

"Marahaba. Ni mimi, nimezitumbukiza kwa mkono huu."

Msimamizi akafurahi mpaka akakaa. Kumbe tatizo lake lote ni kwamba hakuwa na mtumaji, na sasa kampata, tena yuko hai. Akaeleza vizuri kabisa kwamba mtumaji ana haki ya kuomba barua yake irudishwe kabla haijaondoka, bibi akisema tu neno moja nachukua kadi zangu naenda na yale mambo ya stempu anayasamehe. Nikamgeukia bibi kwa macho yote niliyo nayo.

"Kwanini zirudishwe?" akasema bibi. "Nimekuja kuhakikisha zinakwenda."

Nikamwambia bibi walioandikiwa hizi hawapo, ni za miaka zaidi ya mia. Akasema watoto wao je? Wajukuu? Yeye mwenyewe ana barua ya mama yake ilichelewa na bado aliisoma kwa furaha. Foleni ikaanza kuitikia. Kuna mzee pale nyuma akasema "bibi anasema kweli," na sijui nani alimuuliza.

Mwishowe wakakubaliana, mimi sikushirikishwa, kwamba zisomwe, na bibi aamue ipi ya haraka ipi sio. Nikasoma zile nilizoweza, nyingine za Kijerumani mwandiko wake wa zamani hata Mjerumani wa leo anahangaika nao. Na mnajua postikadi za watu zinasema nini? Hakuna kitu. Mandhari utadhani peponi halafu nyuma: tumefika salama, mvua inanyesha. Ziwa Luzern, mvua. Niagara, mvua, na hapo sijui ni mvua au ni maporomoko yenyewe. Mwingine kachora alama ya X kwenye dirisha la hoteli, "hiki ndo chumba chetu", hizo zipo nyingi sana na wakusanyaji wanazipenda. Bibi akasikitika. "Anatangaza anapolala na kadi haina hata bahasha. Rudisha."

Ikawa hivyo, rudisha, rudisha, rudisha, lundo langu linakua, nikaanza kupumua. Imebaki Venice nimeificha chini kabisa, najua ilipo na najua nitaipitisha vipi. Dada wa kaunta akaivuta. Hiyo ilikuwa ya Kiingereza na mwandiko umenyooka. Akaisoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia:

"Baba amezidiwa. Njoo haraka."

Posta ikawa kimya.

Jamani. Mtu baba yake yuko mahututi, telegramu zipo, yeye anaingia dukani anachagua kadi yenye mandhari! Lakini hilo ni mimi nawaza, wengine pale wote walishageuza nyuso kuniangalia kana kwamba mimi ndo nilimkalia huyo mzee kifuani.

"Na hii ulikuwa unaiuza," bibi akasema.

"Bibi, huyo baba alishafariki. Hata kama alipona, alishafariki."

"Ulikwenda kuzika?"

"Ni ya 1904!"

"Ndo maana nasema iende, imeshachelewa."

Bibi akafungua pochi yake akalipia stempu mpya. Nikaomba angalau ibandikwe pembeni isifunike mhuri wa Italia, dada akaibandika anapojua yeye. Halafu akasema kwa kuwa anwani ni ya zamani mtumaji aweke ya kwake, ikikosa mtu irudi, na bibi akachukua ile peni iliyofungwa kamba pale kaunta. Peni. Ya wino wa bluu. Nilitoa sauti ambayo sijawahi kuitoa. Bibi anaandika kwa kukandamiza, kizazi chao walifundishwa hivyo, jina lote, anwani yote, na chini akapigia mstari. Yule kijana wa mhuri akaimalizia. Ikadondoka kwenye gunia.

Nikampigia mteja wangu. Nilipofika kwenye peni akaniomba ninyamaze kidogo.

Ilipita muda mrefu tu, nilishaanza kusahau, ikaja bahasha kwa jina la bibi. Ndani kuna kadi mpya kabisa ya mji wa Bath, na mtu kaandika kwa adabu sana. Kwamba yeye na mkewe ndo wanaoishi kwenye ile nyumba, kwamba aliyeandikiwa hawamfahamu, lakini kadi imefika salama na wanampa bibi pole sana kwa ugonjwa wa baba yake, wanatumaini anaendelea vizuri. Na kwamba picha ni nzuri mno wameiwekea fremu ukutani.

Nikamsomea bibi. Akasikiliza mpaka mwisho. "Watu wastaarabu. Wajibu, waambie baba alishatangulia siku nyingi, lakini nashukuru kwa kuuliza." Nikaandika, ningefanyaje, na alikuwa anasema ukweli mtupu kuhusu baba yake.

Jibu hilo likapelekwa kama anavotaka yeye, yaani kwa kadi ya mandhari, akaichagua mwenyewe kwenye stoku yangu, na hakuniuliza bei.

Mteja wangu akaomba anwani ya wale watu wa Bath. Nikampa, nikasema labda atanikumbuka kwa kaasilimia kadogo. Akawaandikia, wakaelewana, wakaitoa kwenye fremu wakamuuzia, mi sijaambulia hata senti. Juzi kanitumia picha ya mgongo wa kadi, kauzungushia duara nyekundu mwandiko wa bibi, na chini yake hesabu ya kiasi thamani ilivoshuka kwa sababu ya wino. Anataka nimlipe mimi hiyo tofauti. Nimemwambia madai yote apeleke kwa mtumaji, anwani anayo hapo nyuma ya kadi, imepigiwa mstari.