Upepo umevuma tena!

Riwaya hii imesifiwa kila pembe, lakini mimi imenichosha. Kila sura inafunguliwa na upepo unaovuma. Kila mwanamke "anashusha pumzi ndefu", hata aliyekalia mbuzi akikuna nazi! Mtu anatazama bahari, ananyamaza, anatazama bahari tena. Jamani, huko hakuna punda wa kumpisha kichochoroni? Hakuna deni la dukani?

Na msiniambie ni mbinu. Sisi wa Lamu tumelelewa na tenzi: kina cha mwisho ni kilekile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ila kila ubeti una neno lake jipya. Huyu bwana anarudisha sentensi nzima, na tuzo anapewa. Nami siwezi kukitupa. Kitabu ni cha shemeji, na lazima atanihoji.