Zile Picha za Rangi za Ndani ya Dunia Sio Picha

Kuna zile picha zinazosambaa mtandaoni za ndani ya dunia, buluu huku nyekundu kule, na chini yake mtu kaandika eti wanasayansi wamepiga picha uji wa volkano. Jamani, hakuna kamera iliyoingia huko, hizo ni ramani zilizochorwa na kompyuta kutokana na kasi ya mawimbi ya matetemeko ya ardhi.

Kuchimba kwenyewe kumegoma. Wasovieti walianza shimo la Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi, mwaka 1970, hadi 1989 wakawa wamefika mita 12,262, na bado hata nusu ya ganda la dunia la pale hawajafika, joto likawakatisha. Kwa hiyo njia kubwa inayobaki ni kusubiri ardhi itikisike yenyewe.

Tetemeko likipiga linatoa mawimbi ya P, yanayobana na kuachia mwamba, hayo yanatangulia, halafu ya S yanayouyumbisha mwamba pembeni yanafuata. Sasa mwaka 1909 likapiga moja kusini mwa Zagreb, Kroatia, mwanasayansi wa huko Andrija Mohorovičić akakaa na rekodi za vituo mbalimbali vya kupima mitetemo akakuta mawimbi ya P yamefika kwa mikupuo miwili, ya S nayo hivyo hivyo, na kwenye vituo vya mbali yaliyozama chini yakazunguka njia ndefu yamewahi kuliko yaliyopita juu juu. Hiyo haiwezekani mpaka huko chini kuwe na mwamba unaopitisha mawimbi kwa kasi zaidi. Ndo mpaka tunaouita Moho, kati ya ganda la dunia na tabaka la chini yake: juu yake P inaenda kama kilomita 6 au 7 kwa sekunde, chini yake inaruka hadi 8 hivi. Chini ya Tibet uko karibu kilomita 70 kwenda chini, ila ukienda baharini, kutoka sakafu ya bahari ni kama 7 tu! Na jamaa kayajua haya kwa karatasi na saa, kwangu huo ni ujanja kuliko shimo lolote.

Ila wimbi linakupa muda tu, kwenye muda unatafuta kasi, kwenye kasi unakisia mwamba, na watu wanateleza hapo kwenye kukisia. Nyekundu kwa kawaida maana yake mawimbi yamepungua mwendo, basi. Inaweza kuwa joto, inaweza kuwa maji kwenye nyufa, au ni aina nyingine tu ya mwamba. S haipiti kabisa kwenye kimiminika, kwa hiyo ikipungua mwendo sana kuliko P inavyopungua, hapo unaanza kushuku mwamba umeyeyuka, lakini kushuku sio kuona.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kompyuta inapaka rangi hata pale mawimbi yalipopita machache. Siku hizi afadhali kidogo, wanatumia hadi mtetemo wa kila siku unaosababishwa na mawimbi ya bahari, wanalinganisha rekodi za vituo viwili kwa miezi, hawangoji tetemeko. Lakini vituo lazima viwepo. Mimi nikiona picha ya hivyo haina ramani ya vituo vyake, naipita.