Kifaransa cha ofisini kipewe saa ya kazi

Wiki iliyopita, katika ofisi ya wakala wa forodha ninakofanya kazi hapa Dar es Salaam, karani mmoja kijana alipokea simu kutoka Lubumbashi, Kongo, na kujitahidi kujibu kwa Kifaransa. Alisema sentensi mbili, akakwama katika ya tatu, na chumba kizima kikaangua kicheko kabla hajakata simu. Tangu siku hiyo, akiona namba inayoanza na 243, msimbo wa huko, humpa mwenzake aipokee. Jambo hili limeniudhi sana, hasa kwa kuwa mwezi huu huu uongozi ulitutumia waraka unaotuhimiza kujifunza lugha za wateja wetu, kila mtu kwa wakati wake.

Najua nitaambiwa kwamba Mkongo wa Katanga anajua Kiswahili. Ni kweli, na katika salamu na mapatano ya bei Kiswahili kinatutosha. Karatasi ndizo zenye shida. Tamko la mzigo linalopokelewa na DGDA, yaani forodha ya Kongo, huandikwa kwa Kifaransa, na maswali yanayorudi kwetu kuhusu FERI, ile hati ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia Kongo, huja kwa Kifaransa. Kosa lililofanyika mezani kwetu halionekani Tunduma, wala halionekani njia yote ya Zambia. Huonekana Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, dereva akiwa tayari amepanga foleni na gharama za kuchelewa zimeanza kuhesabiwa. Tazama tarakimu peke yake: sisi tukiandika 24,500 tunamaanisha elfu ishirini na nne na mia tano, ilhali msomaji aliyezoea taratibu za Kifaransa huichukulia alama hiyo kuwa ya desimali, akasoma ishirini na nne na nusu. Mteja naye akitaja uzito kwa simu, 70 kwake ni septante na 90 ni nonante, kama wasemavyo Wabelgiji, na mwanafunzi wa vitabu vilivyochapwa Paris, aliyefundishwa soixante-dix na quatre-vingt-dix, hubaki ameduwaa. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia mwaka 2021 kwamba Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kongo ikajiunga mwaka 2022. Hatuwezi kusema tumeshtukizwa.

Hata hivyo, kinachotuzuia kujifunza si ugumu wa Kifaransa, bali ni kicheko kile. Wengi wetu tulisoma katika shule ambazo mwanafunzi aliyekutwa akizungumza Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Tulifundishwa lugha ya kigeni kwa aibu, na tumekua tukiamini kwamba anayekosea lugha hana akili. Sasa mtake mtu mwenye miaka mingi bandarini, anayeheshimiwa kwa kujua kila kona ya kazi ya kutoa mizigo, aanze kubabaika kama mtoto mbele ya vijana anaowasimamia. Hatakubali, na mimi simlaumu. Atanyamaza, atasema Kifaransa ni cha vijana, na ujuzi wake wote utabaki hauna njia ya kumfikia mteja anayeuhitaji. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba wa kwanza kukosea hadharani awe meneja. Asimame asubuhi, asome kwa sauti barua pepe iliyoingia jana kutoka Lubumbashi, arekebishwe na karani wa chini, ashukuru, kisha amwachie mwingine zamu. Watu wakiliona hilo mara chache tu, woga utapungua kwa kiasi ambacho hakuna waraka utakaokifikia.

Nusu saa kabla ya simu za wateja kuanza inatosha, mradi ihesabiwe kuwa kazi. Tusome ankara zetu wenyewe, tutaje namba, tarehe na majina ya bidhaa tunazosafirisha, na anayejaribu kupokea simu akae na mwenzake atakayemrekebisha baada ya mazungumzo kwisha. Mwenzetu aliyekulia Bujumbura au Bukavu, ambaye kila siku anaitwa meza hii na ile kutafsiri, alipwe kwa kazi hiyo, kwa kuwa ni kazi. Wala asitokee mtu wa kutangaza siku ya Kifaransa pekee na faini kwa atakayesema Kiswahili. Hilo ni kibao kilekile.

Nakiri kwamba masomo ya jioni ya Alliance Française ni mazuri, lakini mkazi wa Chanika, kule pembezoni mwa jiji, anayetoka kazini Kurasini jua likizama hayawezi. Programu za kutafsiri kwenye simu nazo husaidia kusoma barua pepe, basi.

Tena madereva wasisahauliwe, maana tumezoea kudhani kwamba lugha ni jambo la watu wenye meza. Anayesimama mbele ya dirisha la forodha Kasumbalesa si mimi wala meneja. Dereva anaulizwa ametoka wapi, amebeba nini, uzito ni kiasi gani na hati zake ziko wapi, na kwa kushindwa kujibu hulazimika kumlipa kijana yeyote aliye jirani amsemee. Ratiba yoyote ya Kifaransa itakayopangwa ofisini kwetu iwe na nafasi ya dereva siku lori lake linapopakiwa, naye akilipwa posho ya siku hiyo.