Pleya ya muziki bado ina kazi Arusha na Moshi, ila si kwa kila mtu

Kwenye maduka ya vifaa vya simu Arusha mjini utaambiwa pleya ya muziki imekufa: kila mtu ana simu, na simu inapiga muziki, inapiga picha na inatuma pesa. Kauli hiyo ina ushahidi. Apple walitoa iPod ya kwanza mwaka 2001 na wakaacha kuitengeneza mwaka 2022, na pleya halisi ya kuingia mfuko wa shati siku hizi unaitafuta kwa tochi. Lakini pita Soko la Kilombero, au Mbuyuni kule Moshi, utakuta redio ndogo zenye tundu la memori kadi na la flashi zimepangwa mezani, na baadhi ya wanaozinunua wana simu janja mfukoni. Kwa hiyo swali la maana ni nani zinamfaa na nani atajuta. Wengi wakilijibu hutazama bei au ubora wa sauti. Kwa maoni yangu kinachoamua ni kazi ya kujaza nyimbo.

Tuanze na chaji, maana ndiyo sababu inayotajwa kwanza. Simu ni pochi. Ikizima jioni, abiria hawezi kulipa kwa M-Pesa na dereva wa boda hapati wateja wake, basi watu wanaogopa kuipigia muziki kutwa. Hofu hii ni ya kweli nusu. Simu yenye betri ya mAh 5,000 ikipiga nyimbo zilizohifadhiwa ndani huku kioo kimezimwa, haili chaji ya kutisha. Kinachoila ni kioo na mtandao. Wengi husikiliza kupitia YouTube ya bure, ambayo hukata sauti ukizima kioo, hivyo kioo kinawaka saa nzima kwa ajili ya wimbo usiotazamwa na mtu. Hapo chaji inakwenda na bando linakwenda. Hata programu za sauti peke yake si haba: muziki unaokuja kwa kilobiti 160 kwa sekunde unakula MB 72 kwa saa, na saa mbili kila siku ni zaidi ya GB 4 kwa mwezi. Anayesumbuliwa na hili halazimiki kununua pleya. Ahifadhi nyimbo kwenye simu, azime data, na nusu ya sababu imeondoka.

Nusu iliyobaki ni usalama. Kifodi, yaani daladala ndogo, cha asubuhi kutoka Ngaramtoni au Kwa Mrombo kimejaa, na simu ya laki kadhaa inayotolewa dirishani ili kubadilisha wimbo inamwita kibaka. Pleya yenye vitufe unaibadilisha kwa kidole ikiwa ndani ya mfuko, bila kuitazama. Faida hiyohiyo anaipata anayefua au anayechuma kahawa kwenye manyunyu, kwa sababu kioo cha kugusa hakielewani na mikono yenye maji.

Sasa kazi ya kujaza, maana hapo ndipo pleya nyingi huishia. Mtu anainunua, anaijaza mara moja, anasikiliza mpaka nyimbo zinamchosha, na kwa kuwa hana kompyuta inaingia kwenye droo na haitoki. Njia iliyozoeleka ni kumpa kijana wa kibandani memori kadi, akakunakilia folda la bongofleva, la kwaya, la singeli, ukalipa na kuondoka. Matatizo yanajitokeza ukifika nyumbani, na mengi yanaanzia kwenye kadi yenyewe. Pleya nyingi za bei nafuu zinaishia kadi ya GB 32, kwa sababu kadi za GB 64 na kuendelea hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, na pleya inaelewa mfumo wa zamani wa FAT32 tu. Wala huhitaji kadi kubwa zaidi: wimbo wa dakika 4 uliobanwa kwa kilobiti 192 una karibu MB 6, kwa hiyo GB 32 zinabeba nyimbo zaidi ya 5,000.

Hatari kubwa zaidi ni kadi feki. Juu imeandikwa GB 64, ndani ina 8. Inapokea kila unachonakili bila kulalamika, halafu nyimbo zilizoingia baada ya GB 8 hazifunguki, au zimeandikwa juu ya zile za mwanzo. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya bure iitwayo H2testw huijaza kadi yote kisha kuisoma tena na kutoa ukubwa wa kweli. Kwa kadi kubwa inachukua saa kadhaa. Usipokuwa nayo, jaza kadi mpaka mwisho, itoe, irudishe, kisha fungua wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Ukigoma hata mmoja, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Aina ya faili nayo inachanganya wengi. Nyimbo zilizoshushwa mtandaoni mara nyingi ni m4a au opus. Simu inazipiga, pleya inaziruka kimya kimya au inaonyesha folda tupu. Kubadilisha jina kutoka .m4a kuwa .mp3 hakusaidii, kwa sababu kilichomo ndani ni kilekile. Lazima faili igeuzwe kwa programu. Chagua kilobiti 192 na uishie hapo. Kuipandisha hadi 320 hakurudishi sauti iliyokwisha kupotea, kunajaza kadi tu. Kisha kuna mpangilio: pleya nyingi za bei nafuu hupiga kwa kufuata zamu faili zilivyoingia kwenye kadi, bila kujali alfabeti, ndiyo maana mahubiri ya sehemu 12 yanaweza kuanzia ya 7. Yape majina 01, 02, 03, futa folda lote la zamani kwenye kadi, kisha nakili moja moja kwa zamu yake.

Mwenye simu hakutani na haya yote. Anatumiwa wimbo kwa WhatsApp, anaugusa, unapiga. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya pleya, na watetezi wake huipita haraka mno. Nafuu ni kwamba siku hizi kompyuta si lazima: kisoma kadi chenye ncha ya Type-C kinachomekwa kwenye simu nyingi za Android, na unanakili kutoka simu kwenda kwenye kadi hapohapo ulipokaa.

Kuna kundi moja ambalo kwalo sisiti kuchagua redio ya memori: wazee wa vijijini Marangu, Machame na Rombo. Vitufe vyake vinaeleweka, inashika FM, na nyingi hutumia betri ya aina ya BL-5C, ileile ya Nokia za zamani, inayopatikana kwa fundi simu karibu yeyote. Lakini hapa pia anayejaza ni mwingine. Wachagga wakirudi nyumbani Desemba, mjukuu anajaza kadi ya babu, halafu babu anasikiliza kwaya zilezile hadi Desemba nyingine. Mwachie kadi mbili zenye nyimbo tofauti, moja abadilishe Pasaka, na mwonyeshe kwa vitendo upande wa kadi unaotangulia kuingia, maana ikilazimishwa kinyume tundu linavunjika. Mwachie na betri ya akiba. Betri ikivimba mpaka kifuniko kinainuka, itolewe isichajiwe tena, wala isitobolewe.

Juu ya Mlima Kilimanjaro hesabu inageuka. Njia ya Lemosho inachukua siku 7 au 8, chaji ni ya kubebwa, na simu ya mwongozaji lazima iwe hai kwa dharura. Pleya ya mAh 300 inachajiwa mara nyingi kwa pawabenki ambayo ingejaza simu mara mbili tu. Ila baridi haichagui kifaa. Katika kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, betri ya lithiamu inaweza kuzima kifaa hata ikiwa na chaji, kwa sababu baridi inapunguza kasi ya kemikali ndani yake na volti inashuka. Ikipata joto la mwili, chaji hiyo inarudi. Iweke mfuko wa ndani mchana, usiku iingie kwenye begi la kulalia, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, maana hapo ndipo inaharibika moja kwa moja. Kwenye Ukuta wa Barranco hedifoni zitoke masikioni zote mbili. Anayepiga kelele kwamba jiwe linashuka lazima asikike.

Vivyo hivyo kwa dereva wa boda, na hapo sina pande mbili za kupima: anayeendesha asivae. Kwa wengine, Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukifika desibeli 90 zinabaki saa 4 tu. Simu nyingi huonya sauti ikizidi. Pleya za bei nafuu nyingi hazionyi. Ndani ya kifodi chenye muziki wake, mtu anaongeza sauti ili kuishinda kelele. Eafoni zenye mpira unaoziba vizuri tundu la sikio zinaikata kelele hiyo, na sauti inaweza kubaki chini.

Kuhusu wasanii, ukweli usifichwe. Nyimbo za kibandani hazimlipi mtunzi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahitaji ruhusa yake. Programu za kusikilizia mtandaoni zinalipa, hata kama ni kidogo. Anayenunua pleya na kuijaza kibandani ajue kwamba hapo upande wa simu una haki zaidi.

Ukiamua kununua, pima ukiwa bado kaunta. Nenda na kadi yako yenye nyimbo chache, iingize, izime pleya kisha iwashe, uone kama inakumbuka ilipoishia. Isipokumbuka, mahubiri marefu yatakuwa mateso. Ikiwa na tundu la Type-C, jaribu waya wenye ncha ya USB ya kawaida upande wa chaja, kwa kuwa vifaa vingi vya bei nafuu havikuwekewa vipingamizi vidogo vinavyovitambulisha kwa chaja, na kwa waya wenye Type-C pande zote mbili havipokei chaji hata kidogo. Chomeka eafoni zako mwenyewe na uuzungushe mchomeko polepole. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limelegea. Ukisikia ala zipo lakini mwimbaji amepotea, bonyeza na ushikilie kitufe cha maikrofoni kwenye waya. Akirudi, pleya ni nzima, na tatizo ni eafoni za simu ambazo mpangilio wa nyaya zake haulingani na tundu hilo.