Uzito wa Mzigo Hupangwa na Anayelipa

Kila baada ya muda, katika makundi ya WhatsApp ya hapa Dar es Salaam, husambaa video ya punda aliyeanguka mbele ya mkokoteni wa maji huku kijana akimcharaza fimbo ili ainuke. Maoni yanayofuata hufanana: kijana ni katili, akamatwe, na punda achukuliwe apelekwe mahali pa kutunzwa. Hasira hiyo naielewa, na sitaki ipoe. Ninachopinga ni mahali inapoelekezwa. Kijana yule ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote wanaohusika na mzigo ule, na mpango wowote wa kuokoa wanyama kazi unaoanza kwa kumwadhibu yeye utamnusuru punda mmoja na kuwaacha wengine pale pale walipo.

Dar es Salaam si jiji la punda. Mizigo yetu mingi hubebwa na toyo, guta, bajaji na mikokoteni inayosukumwa na binadamu, na mkazi wa Upanga anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana na mnyama huyu barabarani. Punda ni wa mikoa kama Dodoma, Singida, Shinyanga, Manyara na Arusha, ambako huchota maji, hubeba kuni, hupeleka mahindi mashineni na hulima. Farasi hawakuwahi kuenea kwetu kwa sababu ya magonjwa yanayoletwa na wadudu, hasa nagana inayoenezwa na mbung'o, kwa hiyo kazi ambayo katika nchi nyingine hufanywa na farasi wa maskini, kwetu hufanywa na punda. Hata hivyo, pembezoni mwa jiji, ambako nyumba hutangulia na bomba la maji hufuata baadaye, wapo wachache wanaovuta maji, mchanga na matofali, na wachache hao wanatosha kutuonyesha jinsi mateso yanavyotengenezwa.

Niliwahi kusimama karibu na kisima kimoja upande wa kuelekea Kisarawe nikimtazama kijana akipakia madumu ya lita 20. Alipakia mpaka yakafika ukingoni mwa mkokoteni, kisha akaongeza safu ya pili. Nilipomuuliza kwa nini asipunguze, alinijibu bila kukasirika: "Dada, nikipunguza, hesabu ya bosi itatoka wapi?"

Jibu hilo lina maelezo yote. Punda na mkokoteni vilikuwa mali ya mtu mwingine, ambaye hupelekewa kiasi maalumu cha fedha kila jioni kama ilivyo kwa bodaboda na daladala, iwe siku ilikuwa nzuri au mbaya. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho chakula cha kijana. Mteja naye hulipa kwa dumu, na anataka bei ibaki kama ya juzi. Kila dumu la lita 20 ni kilo 20, na madumu kumi tu ni kilo 200, wakati punda wetu wengi wenyewe hawazidi sana kilo 150. Ni kweli kwamba punda anaweza kuvuta kwa magurudumu mzigo unaozidi uzito wake, lakini hiyo ni kwenye barabara ngumu na tambarare, tairi likiwa na upepo. Barabara za pembezoni kwetu ni mchanga, na mchanga hula nguvu ya mnyama kabla mzigo haujasogea. Kwa hiyo safu ile ya pili ya madumu haikupandishwa na roho mbaya ya kijana. Ilipandishwa na hesabu ya mwenye mali na bei ya mteja, watu wawili ambao hawaonekani kamwe kwenye video.

Punda yule alikuwa na kidonda mahali shingo inapokutana na mgongo, kikubwa kiasi cha kiganja, kimepakwa oili chafu ili nzi wasitue. Juu ya kidonda hicho ndipo ilipokaa nira. Wasomaji waliokulia kwenye kilimo cha plau wataelewa mara moja: ile ilikuwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo nene, naye husukuma nira kwa sehemu hiyo. Punda hana nundu, na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani na mabegani. Ukimfunga nira ya ng'ombe, mti hukaa juu ya mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba, na kila hatua inamchubua. Anachohitaji ni mkanda mpana wa kifua, uliowekwa chini ya koo usije ukamkaba, na tandiko lenye mito miwili inayolala pande mbili za uti wa mgongo ili uti wenyewe usiguswe na kitu. Mito hiyo inaweza kushonwa na fundi cherehani yeyote kwa blanketi kuukuu au gunia la katani lililojazwa nyasi kavu. Kamba ya plastiki na mpira wa tairi ndivyo vinavyopendwa kwa sababu havikatiki, lakini havinyonyi jasho, na vikilowa vinakata ngozi.

Mkokoteni wenyewe nao una siri yake. Wenye magurudumu mawili, ukipakiwa sana mbele, huukandamiza mgongo wa mnyama. Ukipakiwa sana nyuma, miti yake hunyanyuka na mkanda wa tumboni humbana. Kusogeza mzigo ili usawazike juu ya ekseli hakugharimu hata senti moja. Oili chafu, kwa upande mwingine, inaunguza nyama mbichi na kuchelewesha kidonda kupona. Maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo yakapoa yanafanya kazi bora, mradi kinachomchubua kiondolewe, maana dawa juu ya kidonda kinachorudiwa na nira kila asubuhi ni kupoteza dawa.

Haya yote hayafahamiki kwa sababu punda mwenyewe haonyeshi maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa. Punda mwenye maumivu hayo hayo anaweza kusimama tu, kainamisha kichwa, masikio yamelegea, nasi tukasema amechoka au ni mkaidi. Kibaya zaidi, akiacha kula kwa ugonjwa au huzuni, mafuta ya mwilini mwake huingia katika damu kwa wingi na huweza kumuua ndani ya siku chache. Wafugaji wanajua pia kwamba punda wawili waliozoeana wakitenganishwa, mmoja hususa chakula. Watu wenye huruma wanaotaka kumnunua punda mmoja mwenye vidonda na kumpeleka kwenye boma zuri ugenini wangefaa kulijua jambo hilo kabla ya kutoa fedha.

Kununua kuna historia yake, na inafaa kutazamwa. Mwaka 1930 mwanamke Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo na kuwakuta farasi waliotumika katika jeshi la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakauzwa huko vita vilipokwisha, wakivuta mikokoteni hali wamekonda na wamezeeka. Aliandika barua katika gazeti la nyumbani kwao, michango ikamiminika, na kamati yake ikawanunua farasi wapatao 5,000. Wengi wao walikuwa wamechakaa kiasi kwamba huruma pekee iliyobaki ilikuwa kuwaua bila maumivu. Sehemu inayonigusa zaidi ni hatua iliyofuata. Mwaka 1934 alianzisha hospitali ya wanyama katika jiji hilo ambako maskini wa Cairo wangeweza kuleta wanyama wao wakatibiwa bure. Alikuwa ameona kwamba wamiliki wenyewe walikuwa na njaa, na kwamba farasi mmoja akiondolewa, mwingine angefungwa kwenye mkokoteni ule ule. Shirika lililozaliwa na hospitali ile linafanya kazi hadi leo katika nchi nyingi, na kazi yake kubwa ni kuwafikia wanyama wakiwa bado mikononi mwa wenye nao.

Jirani zetu wa Lamu wana mfano ulio karibu zaidi. Katika mji ule wenye vichochoro visivyopitika kwa gari, shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na kliniki ya punda tangu mwaka 1987, ambako mwenye punda huja na mnyama wake akatibiwa, kisha wakarudi wote wawili kazini. Ninasisitiza maneno "wote wawili". Punda akibaki boma la hisani na mwenyewe akarudi mikono mitupu, tumeondoa mateso kwa mnyama na kuyahamishia kwa mke na watoto wa mtu yule, ambao sasa ndio watakaobeba madumu kichwani.

Serikali yetu haijakaa kimya. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili na kumtwisha mnyama kazi kupita uwezo wake. Ilipofika wakati ngozi za punda zikawa biashara kubwa ya kupeleka China, ambako huchemshwa kupata ejiao, dawa ya asili inayopendwa sana huko, machinjio yaliyofunguliwa Dodoma na Shinyanga yalianza kumaliza wanyama kwa kasi ambayo uzazi wao haukuweza kuifidia, kwa kuwa punda hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Mwaka 2022 uchinjaji huo ulisimamishwa. Desemba ya mwaka huo huo, hapa hapa Dar es Salaam, ulifanyika mkutano wa bara zima kuhusu punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakaidhinisha kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Ninajivunia kwamba jiji langu limo katika historia hiyo.

Lakini kumzuia mchinjaji hakukumwondolea punda nira. Tulimtetea kwa sababu ni mali, kwa sababu wizi wa punda uliwafilisi wanawake waliomtegemea kuchota maji, na hoja hiyo ilikuwa ya haki. Sasa punda huyo aliyenusurika kisu yuko hai, yuko kazini, na mfumo wetu wa huduma za mifugo karibu haumwoni. Afisa mifugo wa kata hupimwa kwa chanjo za ng'ombe, mbuzi na kuku. Punda haogeshwi, hatoi maziwa, nyama yake wengi wetu hatuli, na kwa hiyo huwa wa mwisho kukumbukwa dawa ya minyoo au chanjo ya pepopunda, ugonjwa ambao mnyama mwenye vidonda na kwato zilizopasuka yuko hatarini kuupata kila siku. Mashirika ya ustawi wa wanyama yaliyopo nchini hujitahidi, lakini watu wao ni wachache na nchi ni kubwa.

Pendekezo langu la kwanza linaihusu serikali. Wanyama kazi wafuatwe mahali wanapokusanyika, yaani kwenye minada ya mifugo na kwenye visima, na siku ya huduma ijulikane mapema. Daktari mmoja, fundi wa kukata kwato na fundi cherehani mwenye vipimo vya tandiko wanaweza kufanya mengi katika asubuhi moja. Fundi cherehani ninamtaja kwa makusudi, kwa kuwa vidonda vingi ni vya vifaa, na tiba ya kifaa kibaya ni kifaa kizuri.

La pili, ambalo najua halitapendwa, linawahusu wenye mikokoteni wanaokodisha. Serikali za mitaa hutoza ushuru wa kila aina. Hazingeshindwa kuwataka wenye mikokoteni ya punda waiandikishe, na katika uandikishaji huo ukaguliwe mgongo wa mnyama na si magurudumu pekee. Punda akikutwa na kidonda chini ya nira, aitwe mwenye mali. Hesabu ya siku isimamishwe mpaka punda apone, ili hasara ya kidonda imwangukie yule anayefaidi jasho lake. Siku ambayo kidonda kitakuwa gharama ya bosi, naamini nira za ng'ombe zitaondoka shingoni mwa punda bila semina yoyote.

La tatu linatuhusu sisi tunaojenga viwanja vya pembezoni na kuagiza maji kwa simu. Mteja anayelipa kwa dumu anaweza kusema anataka madumu machache kwa kila safari na akalipa tofauti. Ataambiwa bei imepanda, na ni kweli imepanda. Hapo awali sehemu ya bei ilikuwa ikilipwa na mgongo wa punda. Fundi mkuu anayeagiza mchanga anaweza kuandika kiwango cha mzigo katika makubaliano yake, kama anavyoandika idadi ya mifuko ya saruji. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, niliyemweleza hoja hii, alinijibu kwamba maskini hana nafasi ya kumwonea huruma punda wakati yeye mwenyewe hajaonewa huruma na mtu. Sikumbishia, kwa kuwa aliyekuwa akiagiza maji yale kwa ajili ya ujenzi hakuwa maskini, na ndiye ninayemwandikia.