Jaribio lipo tayari: litumike tena au liandikwe jipya?

Mtu anayerekebisha kitendakazi (kipande cha msimbo, "function") cha kusafisha namba za simu katika mradi mkubwa wa Python mara nyingi huandika jaribio jipya, yaani msimbo wa kuhakiki kitendakazi hicho, bila kujua kwamba la kufaa lipo tayari. Si uvivu. Amri ya `pytest --collect-only -q -k simu`, ya zana ya pytest inayoendesha majaribio, hutafuta neno hilo kwenye majina tu, kama ya jaribio, darasa au faili lake; `test_mteja_mpya` lililo katika faili lisilotaja simu halitaonekana, hata kama linakipitia kitendakazi hicho hicho.

Msaada wa kweli uko kwenye coverage.py, zana inayorekodi mistari ya msimbo iliyoendeshwa, kuanzia toleo la 5.0. Weka `dynamic_context = test_function` chini ya `[run]` katika faili la mipangilio `.coveragerc`, endesha `coverage run -m pytest`, kisha `coverage html --show-contexts`. Ripoti itakuonyesha, mstari kwa mstari, ni majaribio gani yaliupitia. Faili la data huvimba na mwendo hupungua, kwa hiyo kazi hii ifanywe na seva usiku.

Ila kuupitia mstari si kuupima. Jaribio linaweza kupita mahali pengi likathibitisha jambo moja tu mwishoni. Haribu mstari makusudi: geuza `<` iwe `<=`, uendeshe yale yaliyoorodheshwa. Yatakayofeli ndiyo yanayoulinda. Yasipofeli hata moja, andika jipya bila kusita.

Ukilipata, je, ulitumieje? Wapo wanaolinakili na kulibadilisha kidogo, badala ya kushiriki matayarisho yake, na wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Matayarisho ya pamoja kwenye `conftest.py`, faili ambalo pytest hulishirikisha kwa majaribio mengi, huwafunga watu wasiojuana: mmoja akibadilisha salio la mteja wa mfano kwa haja yake, majaribio ya wengine yanafeli, na chanzo kiko faili lingine. Nakala husomeka peke yake. Lakini kanuni ya namba ikibadilika, kila nakala itatafutwa na kurekebishwa, na itakayosahaulika itaendelea kutetea kanuni ya zamani.

Kwa maoni yetu, kinachofaa kushirikiwa ni data. Namba inayoanza na 0, yenye +255, yenye nafasi katikati: ziweke pamoja na majibu yake kwenye `pytest.mark.parametrize`, inayoendesha jaribio moja kwa kila kisa cha orodha, na kisa kipya kitagharimu mstari mmoja. Wycheproof, mradi uliotangazwa na Google mwaka 2016, umefika mbali kwa njia hiyo: majaribio yake ya usimbaji fiche yamo kwenye faili za JSON, muundo wa data unaosomeka na lugha nyingi za programu, hivyo maktaba za lugha tofauti huyatumia. Hata hapo pana mtego. Baadhi ya visa havikuwekwa kuwa halali wala batili, bali vya kuvumilika, na anayevihesabu vyote kuwa halali ameruka uamuzi ambao maktaba yake ilipaswa kuufanya yenyewe.